Werner Forssmann: Daktari aliyeshuka ngazi akiwa na mpira ndani ya moyo wake

Mgonjwa mahututi anapotolewa mtaa wa Naviundu na kufikishwa katika hospitali kubwa ya jijini Lubumbashi, huenda akawa tayari amewekewa katheta ya mshipa mkuu kule alikopita kwanza. Ni mpira mwembamba unaoingilia shingoni, chini ya mtulinga au mkononi, kisha unapita ndani ya mshipa wa damu mpaka karibu kabisa na moyo. Dawa kali ambazo zingeunguza mishipa midogo ya mkono hupitishwa hapo. Kwa nje ndugu wa mgonjwa wanaona plasta na kipande cha mpira tu. Ncha yake, ambako dawa inamwagikia, haionekani.

Kwa sababu hiyo daktari anayempokea hatakiwi kutegemea macho yake, wala maneno ya waliomleta mgonjwa. Anaomba picha ya kifua, ile ambayo watu wa Lubumbashi huiita radio, na kuitafuta ncha: imefika inakotakiwa, imepotea njia, au imezama mno?

Mtu wa kwanza anayejulikana kulijibu swali hilo kwa picha, katika mwili wa binadamu aliye hai, alikuwa daktari kijana wa Ujerumani mwaka 1929. Mwili alioutumia ulikuwa wake mwenyewe. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya Tiba, lakini baada ya miaka 27, na katikati ya hapo kulikuwa na kufukuzwa kazi, siasa mbaya na vita.

Werner Forssmann alizaliwa Berlin tarehe 29 Agosti 1904, mtoto pekee wa wazazi wake. Baba yake, mwanasheria, aliuawa mwaka 1916 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na kijana akalelewa na mama na bibi yake. Mwaka 1922 alianza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Berlin. Alipomaliza alikwenda kujifunza upasuaji katika hospitali ya Auguste Viktoria mjini Eberswalde, mji mdogo kaskazini mashariki mwa Berlin.

Akilini alikuwa amebeba mchoro mmoja wa zamani. Katika karne ya 19 wanasayansi wa Ufaransa, miongoni mwao Auguste Chauveau na Étienne-Jules Marey, walikuwa wamepitisha mirija kwenye mshipa wa shingo ya farasi hadi ndani ya moyo ili kupima shinikizo la damu. Farasi hakufa. Forssmann akajiuliza kwa nini jambo hilohilo lisiwezekane kwa binadamu.

Hakuuliza hivyo kwa udadisi wa bure. Wakati huo mgonjwa ambaye moyo wake ulikuwa unakaribia kusimama alichomwa sindano ndefu kupitia ukuta wa kifua, dawa ikaelekezwa moja kwa moja moyoni. Sindano hiyo ilipigwa kwa kukisia. Ingeweza kutoboa pafu au kupasua mshipa wa moyo wenyewe. Kijana huyo aliona kwamba mkononi kuna njia salama zaidi iliyokwisha chimbwa na maumbile: mshipa wa vena pale kwenye kiwiko, unaopanda begani, kifuani, na kuishia moyoni. Kinachotakiwa ni mpira mrefu, laini, na moyo wa kuthubutu.

Mkuu wake, daktari bingwa wa upasuaji Richard Schneider, alimkatalia. Wengi wakati huo waliamini kwamba moyo ukiguswa na kitu kigeni utasimama palepale, na Schneider hakutaka msiba hospitalini kwake. Ni vigumu kumlaumu.

Forssmann hakusikia. Katika taarifa aliyoichapisha mwaka huohuo alieleza kwamba alijaribu mara mbili. Mara ya kwanza daktari mwenzake alimsaidia kuingiza mpira kwenye mshipa wa mkono, ukaenda sentimita 35, kisha mwenzake akaingiwa na hofu na kusimamisha kazi. Wiki moja baadaye Forssmann alirudia akiwa peke yake.

Masimulizi aliyoyatoa uzeeni katika kitabu cha maisha yake yana chumvi zaidi. Humo anaingia muuguzi Gerda Ditzen, aliyekuwa na funguo za kabati la vifaa vya upasuaji. Bila yeye hakuna mpira, hakuna kisu, hakuna dawa ya ganzi. Forssmann alimshawishi kwa siku kadhaa, mpaka muuguzi akakubali, tena akajitolea yeye mwenyewe awe wa kwanza kufanyiwa. Daktari akamlaza mezani, akamfunga mikono na miguu, akajifanya anamwandaa. Kumbe pembeni alikuwa akijipaka ganzi na kujichana mkono wake wa kushoto. Muuguzi alipogundua kuwa amechezewa, mpira ulikuwa tayari umo ndani ya daktari, na yeye amefungwa hawezi kumzuia.

Masimulizi haya mawili hayalingani katika kila jambo, na mtu akizeeka hadithi yake hunenepa. Lakini katika jambo lenye uzito yanakubaliana.

Mpira wenyewe haukutengenezwa kwa ajili ya moyo. Ulikuwa katheta ya madaktari wa mkojo, ile ya kupitisha kwenye mrija unaotoka figo kwenda kibofu, yenye unene wa zaidi kidogo ya milimita moja. Aliusukuma polepole kuelekea begani. Hakusikia maumivu, bali joto kali nyuma ya mtulinga na hamu ndogo ya kukohoa.

Angeweza kuishia hapo, auchomoe mpira na kuwatangazia watu kwamba amefika moyoni. Badala yake aliuacha ndani, akatoka chumba cha upasuaji, akashuka ngazi kwa miguu yake mwenyewe hadi chumba cha eksirei huku mpira ukining'inia mkononi. Alisimama nyuma ya skrini ya mionzi, na muuguzi akamshikia kioo ili aone kifua chake mwenyewe. Katika simulizi la uzeeni, mwenzake Peter Romeis alifika akihema na kutaka kuung'oa mpira, wakavutana. Forssmann aliendelea kuusukuma huku akiangalia kioo, mpaka sentimita 65 zikawa ndani ya mwili wake na ncha ikaonekana imeingia chemba ya juu ya kulia ya moyo. Ndipo picha ikapigwa.

Picha hiyo ndiyo iliyomtofautisha na waliomtangulia, kwa sababu walikuwapo. Taarifa yake ilipotoka tarehe 5 Novemba 1929 katika jarida la kitabibu la Klinische Wochenschrift, daktari wa Berlin Ernst Unger alilalamika. Yeye na mwenzake Fritz Bleichröder walikuwa wamepitisha mipira kwenye mishipa ya watu miaka mingi nyuma, na waliandika kuhusu kazi hiyo mwaka 1912. Katika jaribio moja Bleichröder, aliyekuwa amejitoa kufanyiwa, alisikia kichomi kifuani, nao wakaamini kwamba mpira umefika moyoni.

Huenda ulifika kweli. Huenda ulikuwa umejikunja shingoni. Hawakupiga picha, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kujua, wao wenyewe wakiwamo. Malalamiko ya Unger yalitajwa katika jarida, lakini historia ikabaki na aliyeleta ushahidi.

Katika taarifa hiyohiyo Forssmann alieleza habari za mgonjwa mmoja, mwanamke aliyekuwa akifa kwa usaha uliotapakaa tumboni baada ya kidole tumbo kupasuka. Alimpitishia mpira hadi moyoni na kumpa dawa kupitia humo. Hali yake ilipata nafuu kwa muda, kisha akafariki. Kwa mtazamo wa leo, huyo ndiye aliyekuwa kielelezo cha kazi yenyewe: njia ya dharura kwa mtu ambaye mishipa yake midogo haifai tena. Katika masimulizi mengi ya kishujaa kuhusu Forssmann, mwanamke huyo hatajwi.

Magazeti ya Ujerumani yalishangilia, wakubwa wa udaktari wakanuna. Forssmann alikuwa amehamia Charité, hospitali maarufu ya Berlin, chini ya Ferdinand Sauerbruch, mfalme wa upasuaji wa enzi hizo. Makelele ya magazeti hayakumpendeza mkubwa huyo, na inasimuliwa kwamba alimwona kijana kama mtu wa sarakasi kuliko wa hospitali. Akamwondoa. Forssmann alirudi Eberswalde, baadaye akapata tena nafasi Charité, akaondolewa tena mwaka 1932.

Hakuacha mara moja. Alijaribu kumwaga dawa ya rangi moyoni kupitia mpira ili chemba na mishipa ya mapafu ionekane kwenye eksirei, kwanza kwa wanyama, kisha kwake mwenyewe. Mbwa wake wa majaribio waliwahi kutunzwa nyumbani kwa mama yake. Kwa jumla inahesabiwa kwamba alijipitishia mpira mara tisa. Picha zake za rangi hazikutoka vizuri, mishipa ya mikono ikaisha kwa makovu, na hakuna hospitali iliyotaka kumpa maabara.

Basi akageukia mkojo. Daktari aliyekuwa ameazima mpira wa madaktari wa mkojo akawa mmoja wao, akajifunza fani hiyo Berlin. Huko Mainz alikuwa amekutana na daktari Elsbet Engel. Walioana mwaka 1933 na kupata watoto sita.

Mwaka mmoja kabla ya ndoa hiyo, 1932, alikuwa amejiunga na chama cha Nazi, hata kabla Hitler hajashika serikali. Alibaki mwanachama hadi 1945. Wasifu wake mwingine hulipita jambo hili kwa sentensi moja kana kwamba ni baridi tu ya msimu. Halikuwa hivyo. Alikuwa mtu mzima, msomi, na alichagua chama ambacho kiliwafukuza madaktari Wayahudi hospitalini na baadaye kikawapeleka kwenye vifo. Ujasiri wa kusimama mbele ya mionzi na mpira moyoni haukumzuia kufuata mkumbo huo.

Wakati wa vita alikuwa daktari wa jeshi mwenye cheo cha meja, akapita Norway na Urusi, na mwishoni akawa mfungwa wa Wamarekani. Aliporudi alizuiwa kufanya udaktari kwa sababu ya uanachama wake. Familia iliishi katika eneo la Msitu Mweusi, kusini magharibi mwa Ujerumani. Elsbet ndiye aliyetibu watu wa vijijini na kulisha nyumba, huku mumewe akikata kuni. Mwaka 1950 alipata kazi ya daktari wa mkojo katika mji mdogo wa Bad Kreuznach.

Hakujua vizuri kilichokuwa kikiendelea ng'ambo ya bahari. Huko New York, katika hospitali ya Bellevue, madaktari wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia, André Cournand na Dickinson Richards, walikuwa wamesoma kazi yake na kuiamini. Kuanzia mwaka 1941 walichapisha matokeo ya kupitisha katheta mioyoni mwa wagonjwa, wakapima shinikizo na hewa iliyomo ndani ya damu, wakachunguza watu waliozimia kwa majeraha ya vita na wenye maradhi ya moyo ya kuzaliwa nayo. Kile ambacho Wajerumani walikiona sarakasi, wao walikifanya kazi ya kila siku.

Mkono haukubaki njia pekee. Mwaka 1952 Mfaransa Robert Aubaniac alieleza namna ya kuingilia mshipa ulio chini ya mtulinga. Mwaka uliofuata Sven-Ivar Seldinger wa Sweden alionyesha ufundi wa kutanguliza waya mwembamba kupitia sindano, kisha kuvika katheta juu ya waya huo. Katheta nyingi za leo huingizwa kwa ufundi wa Seldinger, na wanaozitumia wengi si wachunguzi wa moyo bali wahudumu wa vyumba vya wagonjwa mahututi.

Kadiri njia zilivyoongezeka, makosa nayo yaliongezeka. Anayeingilia chini ya mtulinga anapita karibu sana na pafu; akilitoboa, hewa huvuja na kujazana kati ya pafu na ukuta wa kifua, mgonjwa akaanza kuhema kwa shida. Mpira unaweza kuingia ateri badala ya vena. Unaweza kupinda na kupanda shingoni kuelekea kichwani, au kuvuka kwenda mkono wa pili. Ukizama sana ndani ya moyo unaweza kuvuruga mapigo na, mara chache, kutoboa ukuta wake. Ajabu ni kwamba pale ambapo Forssmann alijivunia kufika, ndani ya chemba ya moyo, ni mahali ambapo daktari wa leo kwa kawaida hataki ncha ya katheta ya dawa ipite mno. Anaitaka katika sehemu ya chini ya vena kubwa ya juu, mlangoni mwa moyo. Kwenye picha huangalia mahali bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafu mawili, na kupimia kutoka hapo.

Kwa mgonjwa aliyepokelewa kutoka kwingine kuna jambo la ziada. Picha iliyopigwa jana hospitali ya kwanza inasema mpira ulikuwa wapi jana. Njiani mgonjwa amepakiwa, ameteremshwa, amegeuzwa, pengine amepitishwa kwenye barabara yenye mashimo. Katheta ya mkononi husogea hata mkono ukinyanyuliwa tu. Kwa hiyo mpokeaji husoma alama za sentimita zilizochapwa juu ya mpira pale unapoingia kwenye ngozi, akalinganisha na zilizoandikwa kwenye karatasi ya rufaa. Huvuta damu kidogo kuona kama inarudi, na kama rangi na nguvu yake ni za vena. Kisha huomba picha. Siku hizi wapo wanaosaidiwa na mashine ya mawimbi ya sauti, ileile ya kuangalia mimba, au na mchoro wa umeme wa moyo unaobadilika ncha inapokaribia. Mgonjwa akiwa anakata roho, daktari huenda akatoa dawa kabla ya picha, kwa kuwa kusubiri kunaweza kumuua upesi kuliko mpira uliokaa vibaya. Na mahali ambapo umeme hukatika, kupata picha kwa wakati si jambo la kuagiza tu likawa. Ndipo zile alama za sentimita na karatasi iliyoandikwa vizuri zinapopata thamani.

Mwezi Oktoba 1956 habari zilifika Bad Kreuznach kwamba daktari wa mkojo wa mjini hapo ameshinda Nobel, pamoja na Cournand na Richards. Ishara moja ndogo ilikuwa imetangulia: mwaka 1954 Chuo cha Sayansi mjini Berlin kilimpa Nishani ya Leibniz. Hata hivyo, majirani wengi hawakujua alichokifanya akiwa kijana. Alikuwa na miaka 52, na kwa zaidi ya miaka 20 hakuwa amegusa utafiti wa moyo.

Tuzo ilimfungulia milango, ila haikumrudishia miaka. Elimu aliyoianzisha ilikuwa imekimbia mbele. Wataalamu wa moyo walizungumza lugha ya mashine na hesabu ambazo yeye hakuzijua. Hakujaribu kujifanya anazijua. Mwaka 1958 alichukua ukuu wa idara ya upasuaji katika Hospitali ya Kiinjili ya Düsseldorf, akaendelea kupasua na kufundisha hadi kustaafu. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka 1972, na humo ndimo dunia ilipomjua vizuri Gerda Ditzen.

Forssmann alifariki tarehe 1 Juni 1979 huko Schopfheim, karibu na mpaka wa Uswisi, akiwa na miaka 74. Kilichomuua ni ugonjwa wa moyo. Hospitali ya Eberswalde, ambako alikatazwa na kisha akafanya kwa siri, leo inaitwa kwa jina lake. Picha ya kifua aliyoipiga humo bado inachapwa katika vitabu vya udaktari: mbavu, kivuli cha moyo, na uzi mwembamba unaoshuka kutoka begani na kuishia ndani ya kivuli hicho.